Ngome Ambayo Sikuipanda

Niliporudi kutoka melini, mjomba wangu alikuja kunipokea stendi ya Kibiti. Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akalitazama na begi langu, halafu akauliza mbele ya waendesha bodaboda wote, "Sasa umeleta nini?"

Nikamwambia nimejileta mwenyewe.

"Hilo naliona. Nauliza kitu."

Mjomba huyu ni kaka wa mama yangu. Anauza mbao na boriti kando ya barabara ya Lindi. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo mjomba amekuwa baba siku za kutoa amri, akarudi kuwa mjomba siku za kutoa msaada. Miezi tisa yote niliyokuwa nje alikuwa akiwatambia wateja wake kwamba kijana wake yumo ndani ya meli ya kitalii, anaizunguka dunia. Wao wakisubiri mbao zao zipigwe randa, yeye anawatajia miji. Sasa mzunguka dunia amerudi na begi moja ambalo zipu yake imefungwa kwa pini.

Ndani ya wiki moja habari zikageuka. Ikawa sikupanda meli yoyote. Nilikuwa Mbagala, nyuma ya kiwanda fulani, nafungasha sabuni, na kuna mtu aliniona kwa macho yake. Huyo mtu sijapata kumfahamu hadi leo. Nasikitika, maana mwenye macho makali namna hiyo angefaa kuajiriwa bandarini.

Ningekuwa Mbagala ingekuwa nafuu. Mbagala kuna madirisha.

Kazi yangu melini ilikuwa udobi. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, chini ya usawa wa maji, hakina hata tundu la kuchungulia. Juu yetu kulikuwa na ghorofa zaidi ya kumi za watu wanaokula. Sisi tulikuwa tunapokea kilichobaki kwao: shuka, taulo, vitambaa vya meza. Mimi nimezaliwa visiwani huko kwenye delta ya Rufiji. Kwetu kamba mkubwa huwa haliwi nyumbani. Huyo ni wa kuuza, sisi tunakula wadogo. Kule melini nilikuwa nakunjua kitambaa cha meza nakuta ndani yake kamba watano, kila mmoja mrefu kuliko kidole changu cha kati, wameng'atwa mara moja moja wakaviringishwa na kutupwa. Mtu mzima amechukua kamba watano, akaonja wote, akaona amechoka. Mwezi wa kwanza nilishangaa. Mwezi wa pili nikaacha kushangaa nikaanza kuwadharau, na dharau ile ilinisaidia sana katika kupiga pasi.

Hiyo dunia ya kuzungukwa ilikuwa ya mjomba peke yake. Meli ilikuwa na mzunguko wake wa siku saba. Inatoka Uhispania, inagusa Ufaransa, inateremka na Italia hadi Malta, inarudi Uhispania. Jumamosi abiria wanashuka, wengine wanapanda na masanduku yaleyale na kofia zilezile, mzunguko unaanza upya. Siku ya kufika bandarini ndiyo ilikuwa siku ya kazi nyingi kuliko zote, kwa sababu abiria wakitoka kwenda kutalii, vyumba vyao vinabadilishwa shuka. Kwa hiyo miji ile niliitembelea yote, kila wiki, kwa miezi tisa, na sikuuona hata mmoja. Nilijua tumefika kwa jinsi sakafu ilivyotetemeka. Nilijua tumeondoka kwa jinsi ilivyotetemeka tena. Mara chache nilizoruhusiwa kushuka nilizimaliza kwenye kibanda cha mabaharia hapo getini, nikipanga foleni ya simu, maana simu yangu mwenyewe ilianguka kutoka kitanda cha juu wiki ya kwanza ikavunjika kioo.

Nikimpata mama hewani, swali lake lilikuwa moja.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Bandarini, mama. Tukitoka hapa tunaingia baharini."

"Bahari ya wapi?"

"Mama, bahari ni bahari."

"Mimi nimezaliwa delta, nimeolewa delta, nimezalia delta, leo wewe uniambie bahari ni bahari? Uko wapi?"

Mama yangu anaweza kuletwa ndani ya mtumbwi amefumba macho, akanusa tope, akakwambia mko kwenye mkono upi wa mto na maji yanajaa au yanakupwa. Mwanawe analipwa na meli na hajui iko nchi gani. Siku moja nilimwambia niko Ufaransa, akaenda akatangaza kijiji kizima, kumbe ilikuwa Italia. Nilijua baadaye kwa maandishi ya kwenye maboksi ya nyanya.

Hapo ndipo alipotokea mzee mmoja.

Alikuwa abiria, Mzungu mnene mwenye soksi nyeupe zilizopandishwa hadi magotini, na sikumfahamu kabla ya siku nilipotoa joho lake la kuogea kwenye mashine nikasikia kitu kinagonga. Mfukoni kulikuwa na kifaa kidogo cha njano na kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Maji yalikuwa yameingia, kioo kimekufa. Msimamizi wetu akasema kile ni jipiesi, kifaa kinachosoma setilaiti na kuandika mahali ulipo, hatua kwa hatua, na kwamba mwenyewe yuko mapokezi anapiga kelele tangu asubuhi. Akanipandisha nacho juu. Nilikanyaga zulia la abiria nikiwa na viatu vya mpira vya kufulia, watu wananikwepa kama nimebeba ndoo ya samaki waliooza.

Mzee alikipokea, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Safari yangu yote imo humu," akasema. Akajifuta machozi kwa mgongo wa kiganja. "Mmeifua safari yangu."

Mkewe alikuwa amesimama kando yake, mama mmoja mpole amechomwa na jua hadi pua inabanduka. Akamshika mkono. "Lakini si tulikuwepo?" akamwambia. "Tumeviona vyote."

Mzee akakibonyeza tena. Alikuwa ameukwea kila mlima na kupita kila kichochoro akiwa na kile kidude kifuani, na sasa kwa kuwa kidude kimekufa, akawa kama hajatoka kwake. Nilisimama pale nikimtazama, nikasema moyoni kwamba sijawahi kuona mjinga wa kiwango kile. Akakitupa mezani, akaondoka na mkewe anamfuata. Nikamuuliza msimamizi nikifanyeje.

"Ametupa. Takataka ni takataka," akasema.

Jumamosi mzee akashuka na abiria wenzake. Kile kifaa nilikuwa nimekiweka juu ya bomba la mvuke kikauke. Mfilipino niliyelala naye chumba kimoja, mtu wa mashine za kukaushia, akasugua vyuma vya ndani kwa kifutio cha penseli, akaweka betri mbili za saa yake ya ukutani, kikawaka. Kona moja ya kioo ilibaki na povu la maji. Humo ndani matembezi ya mzee yalikuwa mazima, amehifadhi siku kwa siku. Angesubiri siku tatu tu. Lakini watu wa namna ile hawajazoea kusubiri kitu kikauke, kuna watu wa kuwakaushia.

Na mimi niliyemwita mjinga, naomba nisifiche nilichofanya. Kuanzia wiki ile, kila mapumziko ya dakika kumi na tano nilikuwa nakimbia ngazi hadi sitaha ya mbele, mahali wafanyakazi wanapovutia sigara, nikasimama nimenyoosha mkono juu na kile kidude kama mtu anayeomba ruhusa darasani. Chini kwenye chuma hakikushika kitu. Juu, baada ya dakika kadhaa, kilikuwa kinaniambia. Kinaweka nukta. Mfilipino alinicheka hadi akaacha kuvuta sigara.

"Unataka kujua meli iko wapi? Mimi najua," akasema. "Iko chini ya miguu yangu."

Lakini nilipompigia mama safari iliyofuata, nilikuwa na jibu. Nikamsomea tarakimu zote, za latitudo na za longitudo.

"Hizo ni namba za simu?" akauliza.

"Ndipo nilipo, mama. Ni kaskazini."

"Kaskazini kabisa?"

"Kabisa."

"Basi uko mbali," akasema, na nikasikia sauti yake imebadilika, nikaona hata afadhali nilipokuwa namdanganya Ufaransa.

Mkataba wangu uliisha na haukuongezwa. Ndivyo nilivyorudi kupokelewa na mjomba kama nilivyoeleza.

Sasa, maneno ya Mbagala yasingenisumbua kama si posa. Kulikuwa na binti niliyesoma naye sekondari, anafanya kazi kwenye steshenari moja karibu na stendi, anachapa barua za watu na kutoa nakala za vyeti. Tulikuwa tumeshaelewana zamani. Baba yake anakaa Mtawanya, mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu anayekusahihisha salamu yako kabla hajaiitikia. Mjomba ndiye alikuwa aende kuniposea, na siku ya kwanza alirudi amekasirika.

"Mwalimu ameuliza ulikuwa wapi miezi tisa," akaniambia. "Nimemwambia melini. Ameniuliza, meli gani, inapita wapi. Nimesema dunia nzima. Ameniambia dunia nzima si jibu, niende nikajiandae. Mimi, na umri huu, niende nikajiandae!"

"Ninao ushahidi," nikasema.

"Ushahidi gani?"

Nikamwonyesha kile kifaa. Akakigeuza huku na huku. "Hii si rimoti ya feni?"

Nikakipeleka steshenari. Binti akakiunganisha kwenye kompyuta kwa waya, akahangaika nacho mpaka adhuhuri huku wateja wanasubiri nakala zao, mwisho ramani ya Ulaya ikafunguka na juu yake mistari ya rangi mbili. Yangu ilikuwa myekundu: wiki zangu za mwisho, nukta hapa nukta kule, zimeungwa kwa mistari iliyonyooka kama imepigwa kwa rula. Mingine ilikuwa ya buluu, myembamba, inayojikunja vizuri, inaingia kila mji na kutoka.

"Hii ya buluu ya nani?" akauliza.

Nikamweleza habari za mzee na joho lake la kuogea.

"Basi naifuta."

Nilipaswa kusema ifute. Nikaitazama. Mistari yangu peke yake ilikuwa kama mtoto amepewa kalamu akakasirika.

"Iache," nikasema. "Inaipendezesha karatasi."

Akanitazama, akachapa. Ikatoka karatasi sita, akaziunga kwa gundi ya utepe.

Tulikwenda Mtawanya Alhamisi, mjomba na mimi. Mwalimu alitukaribisha barazani, akavaa miwani, akaitandaza ile karatasi juu ya mkeka, akaweka vikombe kwenye pembe zake isipeperuke. Alianza na nyekundu. Akafuata mstari kwa kidole kutoka Italia kwenda Malta, akasimama.

"Hapa," akasema. "Hii ni Sisilia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nchi kavu."

"Ndiyo."

"Na hapa hasa pana volkano. Nimeifundisha hii tangu sijaoa. Meli yako ilipita juu ya volkano?"

Nikaeleza kwamba nilikuwa nawasha kifaa wakati wa mapumziko tu, kwa hiyo kinachukua nukta ya asubuhi na nukta ya jioni kinaziunganisha kwa mstari.

"Kwa hiyo kinabuni."

"Hakibuni, mwalimu. Kinaunganisha."

"Kuunganisha usichokijua ndiko kubuni," akasema. Akasogea mbele. "Na hii mizunguko? Wiki hii umepita hapa, wiki hii umepita hapahapa, na hii tena hapahapa."

Mjomba akainama kutazama. Nilitegemea anitetee, ndicho kilichomleta. "Kama mbuzi kafungwa kwenye kigingi," akasema. "Hii ndiyo dunia niliyowaambia watu?"

Ilikuwa ni kweli yangu yote iliyoko pale juu ya mkeka, wiki kwa wiki, ngazi nilizopanda mbio, mkono nilionyoosha, na watu wazima wawili wanaitazama kama hesabu iliyokosewa.

Kisha kidole cha mwalimu kikagusa buluu.

"Ahaa," akasema. Akasogeza miwani. "Lakini hii. Hii ni safari ya mtu." Akafuata taratibu. "Umeshuka bandarini. Umepita barabara kuu. Hapa umesimama, pana soko. Hapa umeanza kupanda. Unakata kulia, unakata kushoto, njia ya mlima ndivyo inavyokwenda. Mpaka juu kabisa, ngomeni. Imeandikwa ngome hapa. Umekaa, umezunguka ukuta wote, umeshuka kwa njia nyingine." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu tumefika. "Ulipanda huku kwa miguu?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai na mihogo ya kuchemsha. Alikuwa ameomba ruhusa kazini siku hiyo. Nilimwona, naye aliniona.

"Kwa miguu, mwalimu," nikasema.

"Jua?"

"Kali. Lakini juu kuna upepo."

"Ni kama ile ngome ya Kilwa?"

"Kwa ukubwa inaishinda ya Kilwa," nikasema. "Ila ya Kilwa ina uzuri wake." Kilwa kwenyewe sijafika.

Baada ya hapo sikuweza kujizuia. Mjomba akauliza kama kuna mizinga, nikaweka mizinga. Mwalimu akauliza mawe yake ni ya aina gani, nikasema ya chokaa, akafurahi kupita kiasi kwa sababu ndivyo alivyotegemea. Yule mzee Mzungu aliyelia kwa ajili ya kidude, nilikuwa nimemvaa mwili mzima, mpaka soksi. Sinia likatua mbele yangu kwa kishindo kidogo. Chai ikamwagika kwenye Uhispania.

Tulipoondoka mjomba alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu nimjue. "Mbona hukuniambia habari za ngome?" akasema njiani. "Unanileta na habari za shuka!" Mwalimu aliomba abaki na ile karatasi.

Kesho yake nilipita steshenari. Binti hakuinua kichwa.

"Shuka ulizofua ni zako?" akauliza.

"Zangu."

"Hukuziona zinatosha kuniposea?"

Nikaanza kueleza kwamba baba yake ndiye aliyeuliza, kwamba mimi sikutaja buluu.

"Nilisimama pale na sinia nikakusubiri," akasema. "Nikasema, sasa hivi atasema si yangu. Ukaweka mizinga." Akanikabidhi kile kifaa, ameshakiviringishia waya wake. "Nenda ukamwambie baba. Kabla hajatoa jibu. Mimi siolewi kwa miguu ya yule mzee."

Sikwenda siku hiyo. Wala iliyofuata. Nilitafuta sababu kila asubuhi na nilizipata nyingi, mvua, msiba wa jirani, bodaboda ninayemwamini kapeleka mtu Utete. Siku ya nane nilikwenda. Mwalimu alikuwa kwenye mikorosho yake, anapalilia, amevaa kofia ya ukindu iliyochakaa. Nikamwamkia, akanisahihisha kidogo, akaitikia. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nilimwambia kwamba mstari wa buluu si wangu, ni wa abiria aliyesahau kifaa mfukoni. Kwamba mimi ni huo mwekundu, ule wa volkano. Kwamba ngome sijaiona hata kwa mbali, siku hiyo na saa hiyo nilikuwa chini nafua.

Aliegemea mpini wa jembe. Nyumba ya tatu kulikuwa na mtu anatwanga.

"Nani mwingine anajua?"

"Binti yako."

"Mjomba wako?"

"Hajui."

"Ijumaa," akasema polepole, "baada ya sala, nimewaeleza watu msikitini. Imamu mwenyewe alikaa kusikiliza. Jumatatu nikapeleka ile karatasi shule ya msingi, mwalimu wa zamu akaniomba nizungumze na darasa la sita. Wameibandika ukutani." Sauti ikaanza kupanda. "Wameichora! Watoto wameichora ngome, na mizinga yako! Sasa unanijia na jembe mkononi kuniambia hukuwepo?"

Jembe lilikuwa mkononi mwake yeye, lakini haukuwa wakati wa kusahihishana.

"Nisamehe, mwalimu. Ngome yenyewe ipo. Kilichokosekana ni mimi tu."

Akafikiri. Nilimwona kabisa akiyapima maneno yale, upande huu na upande huu, kama mtu anayesahihisha mtihani na anamtaka mwanafunzi afaulu.

"Ngome ipo," akasema.

"Ipo."

"Na mawe ni ya chokaa?"

"Hilo sijui, mwalimu."

"Ni ya chokaa. Ukanda ule wote ni chokaa." Akarudi kwenye palizi yake. "Basi lililoharibika ni dogo. Watoto wamejifunza kitu cha kweli. Aliyepanda ni nani, hilo halipo kwenye mtaala." Akapiga jembe mara mbili, akasimama tena, akaninyooshea kidole. "Usinidanganye tena maisha yako yote."

"Sitakudanganya."

"Na hayo uliyonieleza sasa hivi usimweleze mtu mwingine."

Nilirudi Kibiti nikimdharau kwa kipimo kilekile nilichojidharau nacho mimi, na nafikiri dharau hiyo ndiyo iliyotufanya tuelewane. Binti aliponiuliza baba yake kasemaje, nikamweleza neno kwa neno. Alicheka akalala juu ya mashine ya nakala. Alikuwa hajacheka na mimi tangu siku ya sinia.

Harusi ilifanyika Mtawanya baada ya mavuno. Mama alitoka kisiwani alfajiri na maji yaliyojaa, akashukia Nyamisati, akafika amebeba kikapu cha kamba wakavu na malalamiko juu ya barabara. Mjomba alivaa kanzu mpya akapokea wageni kama yeye ndiye anayeoa. Baada ya pilau mwalimu akaombwa aseme neno, akasema mengi. Akafika kwenye ngome. Akaipanda yote, kulia na kushoto, akaongeza lango la chuma na kisima ambavyo mimi sikuvitaja kabisa, akataja na urefu wa ukuta. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa. Mke wangu alikuwa amejifunika mtandio hadi puani, mabega yanamcheza, na mimi nikatazama sahani yangu.

Mama akanisogelea.

"Kumbe ulipanda mlima huko na hukuniambia?"

Niliangalia nani yuko karibu. "Sikupanda, mama," nikamnong'oneza. "Nilikuwa nafua."

"Mbona nimeshangaa," akasema. "Wewe hata mnazi ulikuwa hupandi." Akajifunga kanga yake vizuri, akarudi kukaa karibu na mwalimu, asikie huko ngomeni kulikuwa na nini kingine.